Nozeli ya Petroli: Historia Yake na Utunzaji Wake

Ninyi mliosikia somo hili katika redio mtayakuta hapa maneno yale yale, yamepigwa chapa ili kila mmoja ayasome kwa wakati wake. Soma polepole. Ukikutana na neno gumu usiliruke, maana mwishoni mwa karatasi yako maneno kadha yameelezwa. Yako na maswali pia, ya kuzungumza darasani pamoja na mwalimu wako.

Leo twazungumza juu ya kitu kidogo kama kidole cha mkono, ambacho watu wengi hupanda gari miaka yote wasikione. Mafundi hukiita nozeli. Kazi yake ni kuipulizia injini petroli. Tutaona kilikotoka, nani waliokitengeneza, na kwa nini magari ya zamani ya mbio yenye thamani kubwa huharibika kwa sababu ya uchafu usioonekana kwa macho. Kisha tutajifunza jinsi nozeli inavyosafishwa bila kuiharibu na bila kujiunguza.

KAZI YENYEWE NI NINI?

Bila shaka umepata kuona jiko la mafuta ya taa la kupampu. Unapampu, mafuta yanapita katika tundu dogo sana, yanatoka kama mvuke, na mvuke ule ndio unaowaka kwa moto wa samawati. Tundu likiingia uchafu, moto hugeuka kuwa mwekundu, sufuria hupata masizi, na mama wa nyumba hutafuta sindano ya kuzibulia.

Petroli nayo ni hivyo hivyo. Petroli ikiwa maji maji haiwaki vizuri. Yapasa kwanza ivunjwe vunjwe kuwa ukungu, tena ichanganywe na hewa kwa kipimo. Kilo moja ya petroli hutaka karibu kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Petroli ikizidi, gari hutoa moshi mweusi na kula mafuta bure. Petroli ikipungua, injini hukosa nguvu na kupata joto kupita kiasi. Basi tangu siku ya kwanza ya motokaa, mafundi wamekuwa wakitafuta jibu la swali moja: tutaipimiaje injini petroli yake, kila mara, kwa kila mwendo?

KABURETA, MTUMISHI WA KWANZA

Jibu la kwanza lililoenea lilikuwa kabureta. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta yenye kinyunyizio katika mwaka 1893. Ndani yake mna kibakuli kidogo cha petroli na boya linaloelea. Hewa inayovutwa na injini hupita kwa kasi juu ya kitundu, nayo huinyonya petroli kutoka katika kibakuli, zikaenda pamoja.

Kabureta ilikuwa mtumishi mwema. Ilikuwa rahisi kutengeneza, na fundi mwenye bisibisi aliweza kuirekebisha kando ya njia. Lakini ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, silinda zilizo mbali na kabureta hazikupata petroli sawa na zilizo karibu. Ya pili, petroli katika kibakuli ni kama maji katika ndoo kichwani. Gari likipinda kwa nguvu au likiinama, petroli huenda upande mmoja. Kumbuka kasoro hii ya pili, kwa kuwa tutaona jinsi ilivyohatarisha maisha ya watu.

MTU WA DIZELI NA MTU WA STUTTGART

Wazo la kuipulizia injini mafuta kwa nguvu halikuanza katika magari ya petroli. Lilianza katika injini ya dizeli. Rudolf Diesel alipewa hati ya kulinda wazo lake katika mwaka 1893. Katika mwaka 1897, mjini Augsburg, injini yake ilipimwa mbele ya wataalamu, ikageuza kama sehemu 26 katika 100 za joto la mafuta kuwa kazi. Injini za mvuke za siku zile zilikuwa nyuma sana ya hapo.

Injini ya Diesel haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa mpaka inakuwa moto mkali, halafu mafuta hupulizwa ndani yake na kuwaka yenyewe. Shida ilikuwa katika kupuliza. Diesel alitumia hewa iliyobanwa kuyasukuma mafuta, na mtambo wa kubana hewa hiyo ulikuwa mkubwa na mzito. Ungefaa kiwanda au meli, haungefaa lori.

Ndipo anaingia mtu wa pili, Robert Bosch. Alizaliwa mwaka 1861, akafungua karakana yake ndogo mjini Stuttgart mwaka 1886. Sifa yake ya kwanza ilikuwa vifaa vya kutoa cheche. Katika mwaka 1922 kampuni yake iliamua kutengeneza pampu ya kusukuma dizeli bila msaada wa hewa, na katika mwaka 1927 pampu hizo zilianza kutengenezwa kwa wingi.

Je, kwa nini kazi hiyo ilichukua miaka mitano? Kwa sababu ya udogo wa vipimo. Ndani ya pampu mna kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka katika tundu lake. Nafasi kati ya kijiti na tundu ni kama sehemu mbili au tatu za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa kichwa chako una unene wa kama sehemu 70 za namna hiyo. Basi punje ya vumbi ambayo wewe huwezi kuiona, kwa pampu ile ni kama jiwe katika kinu cha kusagia. Tangu siku hiyo, kila mtu aliyeshika kazi ya nozeli alipata adui mmoja, naye ni uchafu.

VITA ANGANI, 1940

Sasa turudi kwenye kile kibakuli cha kabureta. Katika mwaka 1940 ndege za Uingereza na za Ujerumani zilipigana juu ya kusini ya Uingereza. Ndege ya Kiingereza iliyoitwa Spitfire ilikuwa na injini ya Rolls-Royce Merlin yenye kabureta. Ndege ya Kijerumani Messerschmitt Bf 109 ilikuwa na injini ya Daimler-Benz ambayo petroli yake ilipulizwa kwa pampu moja kwa moja ndani ya silinda.

Rubani Mjerumani akiona anafuatwa, alisukuma usukani mbele, ndege ikachomoka kuelekea chini kwa ghafula. Mwingereza akifanya vile vile, petroli ilirushwa juu katika kibakuli cha kabureta, na injini ikakata kwa muda mfupi. Mara petroli ikaja kwa wingi mno, injini ikasongwa. Sekunde hizo chache zilitosha adui kutoroka, au kugeuka na kumpiga yeye.

Aliyepata dawa alikuwa mwanamke mhandisi, jina lake Beatrice Shilling, aliyefanya kazi Farnborough. Alikuwa pia mwendesha pikipiki wa mbio. Alibuni pete ndogo ya chuma yenye tundu katikati, iliyopitisha petroli kwa kiasi kile tu injini ilichohitaji, isisongwe. Mwanzoni mwa mwaka 1941 yeye na wenzake walikuwa wakizunguka katika viwanja vya ndege kuzifunga pete hizo. Angalia basi: kitundu kimoja kilichopimwa kwa akili kiliokoa maisha ya vijana wengi. Dawa hiyo haikuponya ugonjwa wote, ila ilisaidia mpaka kabureta bora zaidi zilipopatikana.

GARI LENYE MILANGO KAMA MBAWA

Baada ya vita Wajerumani walikatazwa kwa miaka kadha kutengeneza ndege. Maarifa ya kupuliza petroli yakahamia katika magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yalionekana katika magari madogo mawili, Gutbrod na Goliath. Kisha katika mwezi wa Februari 1954, mjini New York, Mercedes-Benz ilionyesha gari la mbio la kuuzwa kwa watu, nalo ni 300 SL. Milango yake ilifunguka kwenda juu kama mbawa za ndege wa baharini.

Injini yake ilikuwa ya lita 3 na silinda 6, na pampu ya Bosch ilipuliza petroli ndani ya kila silinda. Katika mwaka 1952 magari ya 300 SL ya mashindano yalikuwa bado na kabureta. Hili la 1954, lenye pampu, lilikuwa na nguvu za farasi 215, kuliko hata yale ya mashindano. Magari 1,400 ya namna hii yenye paa yalitengenezwa mpaka mwaka 1957. Leo watu huyanunua kwa bei ya majumba makubwa.

Lakini gari hili lilikuwa na tabia moja ambayo mwenye nalo ilimpasa kuijua. Pampu ilizungushwa na injini yenyewe. Dereva akizima cheche, injini iliendelea kuzunguka kidogo kabla ya kusimama, na pampu nayo ikaendelea kupuliza petroli. Petroli ile haikuungua. Iliosha oili katika kuta za silinda, ikateremka chini na kuchanganyika na oili ya injini. Oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kulainisha. Kwa hiyo mwenye gari ambaye hakubadilisha oili mapema aliiua injini yake taratibu huku akilisifu gari lake kwa mwendo.

WALIOTUPA KITU KIZIMA

Huko Marekani, katika mwaka 1957, gari la mbio la Chevrolet Corvette liliuzwa likiwa na chombo cha kupuliza petroli kilichotengenezwa na Rochester. Injini yenye ukubwa wa inchi za ujazo 283 ilitoa nguvu za farasi 283. Katika mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikajaribu chombo cha Bendix, kilichoamrishwa na umeme. Wazo lilikuwa zuri, lakini vipande vya umeme vya wakati ule havikuvumilia joto na mtikisiko wa gari. Karibu magari hayo yote yalirudishwa yakafungwa kabureta.

Hata yale ya Rochester, yaliyofanya kazi vizuri, wenyewe wengi waliyang'oa. Sababu ni nini? Mara nyingi chombo hakikuwa kibovu. Fundi wa mtaani hakukielewa. Alikuwa hodari wa kabureta, akakigusa hapa na pale kama kabureta, gari likazidi kuharibika. Mwenye gari akakasirika, chombo kikatupwa nyuma ya gereji. Miaka mingi baadaye watoto wao walivitafuta vyombo vile vile na kuvilipia fedha nyingi. Hapa twapata funzo la kwanza la leo: chombo kipya bila fundi aliyefundishwa ni hasara.

VUMBI LA AFRIKA YA MASHARIKI

Na je, nozeli ziliweza kustahimili barabara zetu? Jibu lilitolewa katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mvua, matope na vumbi vya Safari vilivunja magari mengi. Katika mwaka 1963, na tena katika mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, katika 1966 na 1967, Bert Shankland wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, walishinda kwa Peugeot 404 ya namna ya kupulizwa petroli kwa pampu.

Peugeot 404 haikuwa gari la fahari. Wengi wetu twaikumbuka ikibeba abiria na mizigo. Lakini ushindi ule ulionyesha ya kuwa pampu na nozeli hazichoki kwa sababu ya barabara mbaya, mradi petroli iingiayo ni safi na chujio ni zima. Kinachoua nozeli ni vumbi lililomo ndani ya petroli. Vumbi la nje, chujio la hewa likiwa zima, halina neno.

MOSHI WA CALIFORNIA NA PORSCHE 911

Katika miaka ya 1960 miji ya California ilifunikwa na moshi wa magari hata macho ya watu yakawasha. Serikali ikaweka sheria za kupunguza moshi. Kabureta ya kawaida ilipata shida kutii sheria hizo. Kampuni ya Bosch ikalichukua tena lile wazo la umeme la Bendix, na katika mwaka 1967 ikatoa chombo kilichoitwa D-Jetronic, kilichofungwa kwanza katika Volkswagen 1600 zilizouzwa Marekani.

Katika mwaka 1973 kikafuata chombo kingine, K-Jetronic, ambacho hakikutegemea umeme katika kupima petroli. Hiki ndicho ninachotaka ukielewe vizuri, kwa maana magari mengi ya zamani ya mbio yanacho hata leo. Miongoni mwao ni Porsche 911 SC, iliyotengenezwa tangu magari ya mwaka 1978 mpaka 1983, na Volkswagen Golf GTI ya kwanza ya mwaka 1976.

K-Jetronic hufanya kazi hivi. Hewa inayoingia katika injini huinua sahani ya chuma, kama upepo unavyoinua kifuniko cha sufuria. Sahani ikiinuka, wenzo husukuma kijiti katika mgawaji wa petroli. Kijiti kikipanda, nyufa nyembamba hufunguka zaidi, na petroli hugawanywa sawasawa kwenda katika kila nozeli. Hewa nyingi, petroli nyingi. Hewa kidogo, petroli kidogo.

Nozeli yenyewe ina kichujio kidogo ndani, sindano na springi. Katika aina nyingi hufunguka petroli inapoisukuma kwa nguvu ya kati ya bar 3 na 4. Tairi la gari dogo hujazwa kama bar 2 tu, basi waweza kulinganisha. Injini ikiwa inazunguka, nozeli za K-Jetronic hunyunyiza bila kukoma, na sindano hutetemeka upesi sana hata husikika ikilia kwa sauti nyembamba. Mtetemeko huo ndio unaovunja petroli kuwa ukungu.

UCHAFU UNATOKA WAPI?

Utauliza, ikiwa kuna chujio, nozeli huzibwa na nini? Mambo ni manne.

La kwanza, petroli iliyokaa. Magari ya zamani ya mbio hukaa bandani miezi mingi. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi huruka hewani, na zinazobaki huungana na hewa na kuwa kama gundi ya rangi ya kahawia.

La pili, joto baada ya kuzima gari. Injini ikizimwa ikiwa moto, petroli iliyobaki katika ncha ya nozeli hukauka, ikaacha ukoko mwembamba. Kila siku ukoko huongezeka. Katika miaka ya 1980 jambo hili lilisumbua magari mengi mapya Marekani, hata kampuni za mafuta zikatia katika petroli dawa za kusafisha. Tangu mwaka 1995 sheria ya nchi ile imelazimisha petroli yote ya magari iwe na dawa hiyo.

La tatu, kutu. Tangi lisilojaa huingia hewa yenye unyevu, unyevu ukawa maji, maji yakala chuma. Vumbi la kutu huenda katika petroli.

La nne, mipira ya zamani. Petroli ya siku hizi katika nchi nyingi huchanganywa na pombe ya mimea. Pombe hii huvuta maji, na mipira iliyotengenezwa kabla ya siku zake huweza kulainika na kumomonyoka kutoka ndani.

DALILI ZA NOZELI MBOVU

Sikiliza gari likiwa limesimama, nawe hukukanyagi mafuta. Je, latetemeka kama mtu mwenye homa? Je, likiwa limepoa linawaka upesi, lakini likiwa moto linakataa? Hiyo huenda ni nozeli inayovuja, maana yapasa ifunge kabisa wakati gari limezimwa. Toa plagi zote, uzipange kwa namba za silinda. Moja ikiwa nyeusi yenye masizi na nyingine nyeupe, basi silinda hizo hazipati chakula sawa.

Lakini usikimbilie kuilaumu nozeli. Katika magari haya kila nozeli hushikwa na pete ya mpira. Pete ikikauka, hewa huingia pembeni bila kupimwa na ile sahani, na dalili zake ni zile zile. Pete ni ya bei ndogo. Wako watu walionunua nozeli zote mpya, kumbe waliohitajika walikuwa vipande sita vya mpira.

JINSI YA KUSAFISHA

Sasa soma polepole, kwa kuwa hapa kosa laweza kuleta moto.

Kwanza, fanya kazi mahali penye hewa, mbali na sigara, jiko na taa yoyote ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni mpaka ukakuta moto, hata ulio mbali nawe. Weka karibu chombo cha kuzimia moto cha unga. Usimwage maji juu ya petroli inayowaka.

Pili, acha injini ipoe kabisa, kisha ondoa waya wa betri. Kumbuka ya kuwa petroli katika bomba bado ina nguvu hata gari likiwa limezimwa. Funika kiungo kwa kitambaa kinene, vaa miwani, na legeza polepole ili nguvu itoke kidogo kidogo.

Tatu, kabla ya kufungua lolote, safisha nje. Piga brashi, futa, pangusa kila kiungo. Fundi mvivu hufungua kwanza na kusafisha baadaye, na mchanga wote huingia ndani. Ukisha kufungua, ziba kila tundu kwa kifuniko safi.

Nne, tumia spana mbili. Moja ishike nozeli isizunguke, nyingine ifungue nati ya bomba. Ukitumia moja, bomba hujipinda.

Tano, nozeli ipimwe. Karakana yenye vifaa huisukuma kimiminiko cha majaribio na kutazama. Nozeli nzuri hutoa ukungu kama pia, sawa pande zote. Mbaya hutoa mchirizi kama mkojo wa mtoto. Nguvu ikipunguzwa kidogo chini ya ile ya kufungua, ncha isidondoke tone. Mwisho, nozeli zote hujaza vyombo vya kupimia kwa muda mmoja, na vyombo hivyo vyapasa kuwa sawa.

Sita, ikiwa ni chafu, huwekwa katika beseni lenye dawa na kusafishwa kwa mawimbi ya sauti isiyosikika na sikio la mtu. Mawimbi hayo hupasua ukoko bila kugusa chuma. Kisha nozeli husafishwa kwa kupitisha dawa ndani, na hupimwa tena.

Na hapa ndipo namkumbusha yule mwenye jiko la pampu. Usitie sindano wala waya katika ncha ya nozeli! Jiko lina tundu tu. Nozeli ina sindano yake ndani, na kiti chake kimesuguliwa kwa kipimo cha elfu ya milimita. Ukikwaruza mara moja umeiua, na nozeli hizi za K-Jetronic hazifunguliwi ili zitengenezwe. Isiyopona kwa kuoshwa hubadilishwa.

Saba, ukirudisha, weka pete mpya za mpira, na washa mpya mahali penye washa. Badilisha chujio la petroli. Chungulia ndani ya tangi. Ukisafisha nozeli na kuacha tangi lenye kutu, ni sawa na kuoga na kuvaa nguo ile ile chafu. Mwisho, rudisha nguvu ya petroli na tazama kila kiungo kwa makini kabla ya kuwasha injini.

Maonyo mawili zaidi. Usinyonye petroli kwa mdomo katika mpira, kama wengi wanavyofanya. Ikiingia mapafuni huweza kuua. Na kwa nozeli za dizeli, usiweke mkono mbele ya mnyunyizo hata kidogo. Nguvu yake ni kubwa hata hupenya ngozi, na jeraha lionekanalo dogo kama la mwiba laweza kumkatisha mtu mkono. Likitokea, kimbia hospitali saa ile ile.

KWA NINI HAYA YAKUHUSU WEWE

Pengine unasema moyoni, mimi sina Porsche wala sitakuwa nayo. Ni kweli. Lakini gari la abiria ulilopanda juzi lina nozeli. Katika mwaka 1996 Mitsubishi ilirudisha wazo la 300 SL, kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, sasa kwa kuamrishwa na umeme. Magari mengi yaliyotumika Japani na kuletwa kwetu ni ya namna hiyo, na nozeli zake hutaka petroli safi kuliko zote zilizotangulia.

Tazama basi njia tuliyopita tangu kabureta ya 1893. Kila mara nguvu iliongezeka na mafuta yakapungua, lakini kila mara kipimo kilikuwa kidogo zaidi, na uchafu mdogo zaidi ukatosha kuharibu. Hapo zamani fundi aliweza kufanya kazi kwa mkono na sikio. Leo yampasa pia kusoma kitabu cha gari, maana bar ngapi, washa gani na chujio gani, havijulikani kwa kubahatisha. Wale wa mwaka 1957 waliotupa chombo kizima hawakukosa mikono hodari. Walikosa mtu wa kuwasomea na kuwafundisha. Wewe unayesoma karatasi hii umekwisha kuianza njia ya kutokuwa kama wao.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Nozeli: kifaa kinachonyunyizia injini petroli au dizeli.
Kabureta: chombo kinachochanganya petroli na hewa kwa kuvutwa na hewa.
Bar: kipimo cha nguvu ya msukumo wa hewa au maji maji.
Ukoko: tabaka gumu linaloganda juu ya kitu.
Mgawaji: chombo kinachogawia kila nozeli petroli.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini ndege ya kabureta ilikata injini ilipoinama ghafula?
2. Petroli iliyoendelea kupulizwa katika 300 SL baada ya kuzimwa ilileta madhara gani?
3. Taja mambo manne yanayoziba nozeli.
4. Kwa nini nozeli haizibuliwi kwa sindano kama jiko la pampu?
5. Andika sentensi tatu juu ya chombo chochote nyumbani au kazini kwako kilichoharibika kwa sababu hakuna aliyesoma maelezo yake.